Mama aliuza michungwa nisome ualimu, sasa nataka kuwa fundi wa viyoyozi

Dada, shikamoo.

Nina miaka 27. Nyumbani ni Muheza, ila kwa sasa naishi Kibaha, ambako nafundisha Kiswahili na Historia katika sekondari moja ya binafsi. Shahada ya ualimu niliipata mwaka 2021. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ulilipa sehemu tu ya gharama za chuo, na zilizobaki mama alizipata kwa kuuza ekari mbili za michungwa aliyoipanda na baba kwa mikono yao. Naanza na hilo ili uelewe ninachokiogopa.

Mshahara wangu ni shilingi 380,000. Wakishakata NSSF, kodi na deni la Bodi, zinazonifikia ni 279,000 na chenji kidogo, na mwaka jana kuna miezi miwili zilichelewa mpaka tarehe 20 ya mwezi uliofuata. Chumba nalipa 60,000, mama namtumia 50,000. Hesabu iliyobaki unaweza kuimalizia mwenyewe.

Ajira za serikali naomba kila tangazo likitoka. Mapema mwaka 2025 nilifika kwenye usaili, nikarudi mikono mitupu. Wenzangu wa Fizikia na Hisabati niliomaliza nao wengi wameshapangiwa vituo. Sisi wa masomo ya sanaa tupo tupo tu.

Sasa sikia kilichotokea Desemba. Shule ilipofungwa nilikwenda kukaa Sinza kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni fundi wa AC na mafriji. Kijana wake wa kazi alikuwa amekwenda kwao kula Krismasi, akaniomba nimshikie ngazi siku mbili. Zikawa siku 21. Nilianza kwa kuosha vichujio, nikajifunza kusoma geji ya presha ya gesi, nikajifunza kushika mita ya umeme. Siku ya tisa tulikuwa kwenye duka la dawa Mwenge, nikafungua mashine ya nje, nikaona kapasita, kile kikopo cha umeme kinachosaidia mota kuzunguka, imevimba kama andazi. Nikamwambia kaka hata kabla hajainama kuangalia. Tulipoibadilisha, feni ikazunguka. Dada, sijui nikuelezeje. Mwaka mzima nafundisha bila kujua kama nilichopanda kimeota, na pale kitu kilichokufa kilifufuka mbele ya macho yangu ndani ya dakika ishirini. Kuna mama mmoja wa Mikocheni alifurahi kuona binti anaingia chumbani kwake kutengeneza AC badala ya wanaume wawili. Mpaka leo akimpigia kaka anauliza, "Yule binti yuko wapi?"

Kaka alinilipa 20,000 kila siku, jumla 420,000, na hakuna aliyekata hata senti. Yeye kuhudumia AC moja anatoza 35,000, na tulikuwa tunafanya nne kwa siku. Nimepiga hesabu: nne kwa 35,000 kwa siku 26 ni zaidi ya milioni tatu na laki sita kwa mwezi! Anasema niache shule nihamie kwake, na baada ya miaka miwili nitasimama mwenyewe.

Nilipomdokeza mama, alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akasema, "Sikuuza michungwa ili mwanangu apande ngazi za watu." Tangu siku hiyo tukiongea ni salamu na habari za mvua tu. Na mama huyohuyo ana friji lililokufa tangu mwaka juzi, analiwekea vyombo kama kabati.

Mjomba naye ana njia yake. Kuna mtu Dodoma anasema nikitoa 1,500,000, tangazo lijalo jina langu litapita. Mjomba yuko tayari kunikopesha milioni moja, na anataka jibu wiki hii.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nisubiri serikali nikiwa hapahapa, nimkubalie mjomba, au nipande ngazi?

Mwalimu wa Kibaha

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na mjomba, kwa sababu yeye ndiye mwenye haraka. Mwambie hapana, na umwambie leo. Maombi ya ajira serikalini yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na hakuna hatua hata moja ambayo mwombaji anatakiwa kumlipa mtu ili jina lake lipite. Huyo wa Dodoma anachofanya ni hesabu nyepesi. Anachukua fedha za watu kumi. Wawili wakipita kwa jasho lao, anawaambia ni yeye aliyewapitisha. Wanane waliobaki anawazungusha kwa simu mpaka wachoke. Na anajiamini kwa sababu anajua huendi kumshtaki: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji. Kama ameshaanza kumsumbua mjomba, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Ile milioni moja, kama kweli ipo na nia yake ni kukusaidia, mwombe asiirudishe kabatini. Nitaitafutia kazi.

Sasa tukae na hesabu zako, maana hapo ndipo nilipopata wasiwasi.

Umelinganisha mwaka wa mwalimu na Desemba ya fundi. Dar es Salaam kuanzia Novemba mpaka Machi ni jasho usiku na mchana. Mtu ambaye AC yake ilianza kukoroma tangu Agosti, siku hizo ndipo anapomkumbuka fundi. Kipupwe kikishaingia, Juni mpaka Agosti, watu wanafungua madirisha na kulala na shuka, na simu ya kaka yako inapumzika. Wewe ulifika msimu umeiva, kijana wa kazi hayupo, wateja wamepanga foleni. Ulichokiona ni kweli kabisa, ila ni mwezi mmoja, tena ule mzuri kuliko yote.

Na zile milioni tatu na laki sita siyo za kaka yako. Humo ndani kuna mafuta ya pikipiki, gesi, vipuri, ujira wa kijana, siku ambazo simu haikuita, mteja anayesema "njoo Ijumaa" Ijumaa tatu mfululizo, na AC aliyolazimika kuirudia bure kwa sababu imegoma tena. Mwombe akuonyeshe daftari lake la Juni na Julai mwaka jana. Kama hana daftari, nalo ni jibu, na ni kitu cha kwanza utakachomsaidia.

Nayasema haya kwa sababu nimelelewa na fundi. Baba yangu alikuwa anachomelea mageti, na nyumbani kwetu kulikuwa na miezi ya nyama na miezi ya dagaa. Alikuwa hodari wa kazi yake kupita wote mtaani, lakini kila mwezi wa nyama aliishi kana kwamba hautakwisha. Ada zetu zilikuwa zinaangukia mwezi wa dagaa. Nilikuja kuwa mwalimu, nikafundisha miaka minane kabla sijaingia kwenye uandishi, na nilichokipenda kuliko vyote kwenye ualimu ni kwamba tarehe ilikuwa inajulikana. Kwa hiyo pande zote mbili za mzani wako nimezishika kwa mkono.

Turudi kwenye karatasi yako ya mshahara. Kwenye 380,000 NSSF wanachukua asilimia 10, yaani 38,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 57,000. Kodi inabaki kama 5,760. Ndiyo maana unashika 279,000. Lakini 57,000 haikupotea, ni deni lako linapungua. Ile 38,000 ni akiba yako, na mwajiri anatakiwa kuweka nyingine kama hiyo juu yake. Jumlisha: 279,000 ya mkononi, 57,000 ya deni, 76,000 ya NSSF. Unapata 412,000. Desemba kwa kaka ulipata 420,000, na humo hakuna deni lililolipwa wala akiba iliyowekwa. Deni la Bodi halifutiki kwa sababu umeshika bisibisi. Aliyejiajiri naye anadaiwa, tofauti ni kwamba atalipeleka mwenyewe. Kwa hiyo mwezi wa fundi ulio bora kuliko yote umeupita mwezi wako wa kawaida kwa shilingi elfu nane. Nimeirudia hesabu hii mara mbili kwa sababu hata mimi sikuitegemea.

Ila hesabu hiyo inasimama tu kama shule inayapeleka makato inakotakiwa. Mwajiri anayechelewesha mshahara mpaka tarehe 20 anaweza kuwa anachelewesha na mengine. Wiki hii pita ofisi ya NSSF na kitambulisho chako, uombe taarifa ya michango yako tangu siku ya kwanza. Fanya hivyohivyo kwa Bodi. Ukikuta mapengo, dai ukiwa bado ndani, una mkataba na karatasi za mshahara mkononi. Ukishaondoka utakuwa unadai kwa mbali. Na ukikuta hawajapeleka kabisa, basi mzani umebadilika na ile 412,000 niliyokupigia ilikuwa ya kwenye karatasi tu.

Kuhusu serikali, sitakuambia uache kuomba. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kimepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 tangu Julai 2025, na mwalimu mwenye shahada anaanza juu ya hapo. Kuna likizo ya uzazi ambayo hakuna mkuu wa shule wa kukununia kwa kuichukua, kuna pensheni, na benki zinamkopesha mtumishi bila kumuuliza maswali mengi. Ni vitu vikubwa kwa binti anayemtunza mama. Lakini umeomba tangu 2021, na umeyaona mwenyewe yanayowapata wa sanaa wakati wa sayansi wanapangiwa vituo.

Hukuniambia usaili ule uliishia hatua gani, na hapo pana tofauti kubwa. Kama uliangukia kwenye mtihani wa mchujo, hilo ni la kusoma. Tafuta wenzako wanne mkae Jumamosi na maswali. Kama ulifika mahojiano ukapita na nafasi zikawa chache, jina lako liliwekwa kwenye kanzidata na ulikuwa mlangoni kabisa. Ingia kwenye akaunti yako uangalie. Halafu kuna jambo moja ambalo sidhani kama limekupitia kichwani: matangazo yale husema mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Wewe una 27. Mlango ule una miaka 18 ya kubaki wazi, na hauulizi kama kati hapo ulikuwa darasani au juu ya ngazi. Wewe na mama mnazungumza kana kwamba ukiteremka leo hutapanda tena. Siyo hivyo. Weka vyeti vyako sawa, hakikisha taarifa zako kwenye mfumo ni za sasa, omba kila tangazo likitoka, ukafanye usaili. Kinachotakiwa kukoma ni kuishi maisha ya kusubiri. Miaka mitano umepanga chumba cha muda, umenunua kitanda cha muda, hata ndoto umeziweka pembeni mpaka majina yatoke.

Kwa hiyo jibu langu ni ngazi. Ila siyo ngazi ile kaka yako anayokuitia.

Nikuulize jambo. Desemba hiyo, mlipofunga AC mpya au mlipofungua mabomba, kaka yako alitumia pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa na unyevu mabombani? Au alifungua gesi kidogo "ipulize hewa itoke", akafunga haraka? Na mteja aliposema AC haipozi, alitafuta pale panapovuja kwanza, au alisema gesi imeisha akajaza na kuondoka? Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba miaka na miaka, na ikipungua maana yake kuna mahali inatoka. Fundi anayejaza bila kuziba, mteja atamwita tena baada ya miezi mitatu, na mara ya tatu atamwita mwingine. Hewa na unyevu vikibaki ndani ya mabomba, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inakufa taratibu na lawama inakwenda kwa kiwanda. Simsemi vibaya kaka yako, simjui. Nakupa kipimo cha mwalimu unayetaka kumfuata. Ukikuta anavuta vakyumu na anatafuta palipovuja, una bahati. Ukikuta hafanyi, mpende kama kaka na usome kwingine.

Hata hivyo soma kwingine. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe wanafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi. Nenda kaulize kozi ndefu ni ya muda gani, fupi zipo zipi, maombi yanafunguliwa lini, ada ni kiasi gani. Kazi ya ile milioni ya mjomba ndiyo hii: ada kwanza, kisha geji nzuri, mita ya kubana waya na pampu yako mwenyewe. Mwandikiane kabisa utamrudishia vipi. Na kaka yako mwambie VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani: wanampima kazi anayoijua na kumpa cheti. Akikipata, hata yeye atapanda daraja.

Nasisitiza darasa kwa sababu kazi hii inabadilika sasa hivi, na mabadiliko yenyewe yanampendelea msomaji. AC nyingi za zamani mlizofungua zilikuwa na gesi ya R22. Hiyo inatoboa tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeachana nayo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Iliyochukua nafasi yake, R410A, inafanya kazi kwa presha kubwa zaidi, hata geji zake ni tofauti. Nayo haitakaa milele, kwa sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana hapo Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo zinazopasha dunia joto. Zinazokuja, kama R32 na R290, zinashika moto. Huwezi kuzijaza huku mtu anavuta sigara pembeni. Na AC za inveta, zile zinazobadili kasi ya kompresa zenyewe, zimejaa bodi za elektroniki ambazo fundi wa kukariri anaziogopa. Mafundi wengi wazuri wa mtaani watakwama hapo, siyo kwa uvivu, ila kwa sababu hakuna aliyewahi kuwakalisha na kitabu. Wewe miaka yako yote imepita kwenye vitabu. Maelezo ya kiwandani ambayo kaka yako anayatupa pamoja na boksi, wewe utayasoma.

Sasa mwezi wa dagaa. Dawa yake kwenye kazi hii ipo upande wa pili wa jina la kozi: majokofu. Bucha haina kipupwe. Muuza samaki wa Feri, duka la dawa lenye chanjo, mama wa barafu na aiskrimu, hao jokofu likizima leo wanapoteza mali leo, iwe Januari au Julai. Jifunze friji kwa bidii ileile uliyojifunzia AC. La pili ni mikataba ya matengenezo. Ofisi, kliniki, shule kama hiyo yako, zinahitaji mtu wa kuja kila baada ya miezi mitatu, anayeacha ripoti iliyoandikwa: mashine hii nimekuta hivi, nimefanya hivi, hii itahitaji kapasita karibuni. Mafundi wangapi wanaiandika? Mwalimu wa Kiswahili ataiandika vizuri kuliko wote. Baadaye, ukishasajili biashara, kuna mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 4 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake na 4 nyingine kwa vijana. Hiyo ni ya baadaye. Usianze na mkopo.

Kuna mambo mawili ambayo hukuyataja na mimi sitayapita. La kwanza ni mwili wako. Umeshika ngazi Sinza na Mikocheni. Siku moja mashine ya nje itakuwa ukutani ghorofa ya sita Kariakoo, na mteja atakwambia fundi aliyepita alitoka dirishani tu. Usitoke dirishani bila mkanda. Kapasita iliyozimwa bado ina umeme ndani, mwambie kaka akufundishe kuitoa chaji kabla hujaigusa. Shuleni ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa kaka, ukianguka, utachangiwa kwenye kundi la familia. Kata bima ya afya kabla ya kununua drili.

La pili ni undugu. Yule mama wa Mikocheni ameshaanza kuuliza "yule binti". Siku moja atakupigia wewe moja kwa moja. Mteja huyo atakuwa wa nani? Ukae na kaka yako mapema, mkiwa bado mnacheka, mkubaliane: ujira wa siku ni huu, ukishajua kazi unapanda kuwa huu, wateja wake wanabaki wake, mteja utakayemleta wewe mnagawana hivi, na miaka miwili ikiisha unaondoka na zana zipi. Muandike, hata kwenye daftari la kawaida. Heri uone haya mwanzoni, usije ukakosana na mtoto wa mama mkubwa kwenye msiba wa familia.

Ratiba naiona hivi. Usiache shule sasa. Likizo ya Juni nenda tena Sinza, ukae wiki zote, ulipwe ileile 20,000 kwa siku zenye kazi tu. Uione simu ikiwa kimya. Uone kaka anafanya nini saa nne asubuhi wakati hakuna aliyemwita, anakwenda kutafuta kazi au analala. Ukirudi Kibaha Julai bado unaitaka kazi hiyo, basi unaitaka kweli. Kuanzia sasa mpaka Novemba weka kando kila unachoweza, hata 30,000 kwa mwezi, iwe chakula chako cha kipupwe cha kwanza. Wanafunzi wako wa kidato cha nne wavushe mpaka mtihani wa Taifa. Hilo nakuomba kama mwalimu kwa mwalimu: wale watoto hawana kosa lolote kwenye haya, na anayeondoka Agosti anawaachia Historia nzima ya mapitio. Kisha mpe mwajiri notisi ya maandishi ya siku 28, kama sheria ya kazi inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, uchukue barua yako ya utumishi kwa amani. Utaihitaji kwenye usaili wa serikali. Mafao ya kukosa ajira ya NSSF usiyahesabu, hayo ni ya aliyeachishwa, siyo aliyeacha mwenyewe. Utaingia mjini Desemba, joto limeanza.

Amebaki mama. Sentensi yake nimeisoma mara nyingi, na siioni kama dharau kwa mafundi. Yeye na baba yako walipanda miti ambayo inachukua miaka kuzaa, na yeye akayaacha matunda yake kwa ajili yako. Anachokuuliza ni kama ile miti imekwenda bure. Hutaweza kumjibu kwa simu, na hutamjibu kwa hesabu za milioni tatu na laki sita.

Shule ikifunga Pasaka mchukue kaka yako mwende Muheza na mfuko wa zana. Usizungumzie kazi. Toa vyombo vyake kwenye friji, uvifute, uvipange mahali. Lisogezeni ukutani, mwanze na waya na soketi, kisha rilei, ile swichi ya kuwashia kompresa, kisha kidhibiti joto, na kama ni gesi, mtafute panapovuja mzibe kabla ya kujaza. Kaka akae kwenye kigoda, wewe ndiye ushike mita. Huenda kompresa imekufa na friji halitaamka. Likiwa hivyo mwambie mama ukweli, umwonyeshe kwenye mita kwa nini, kama unavyomweleza mwanafunzi ubaoni. Atakuwa amekaa hapo mlangoni anakutazama muda wote huo. Atakuuliza umeyajuaje haya yote, na hapo ndipo umweleze habari za Desemba, ukianzia kwenye ile kapasita ya Mwenge.